Droo ya Kiti cha Nane

Kura zilipigwa Jumapili. Jumatatu saa mbili asubuhi Mama Ukumbi alikuwa amepiga magoti sakafuni, bisibisi mkononi, anang'oa vibao vya majina kwenye meza za madiwani. Viti vilikuwa ishirini na viwili, na safari hii tisa vilikuwa vimebadilisha wenyewe. Kila uchaguzi mambo yalikuwa hayo hayo: wapo waliopanda, wapo walioshuka, na yupo yeye, anayebaki na bisibisi.

Waliomwita Mama Ukumbi hawakukosea. Ukumbi ule wa baraza la mji aliufagia, akaupiga deki, akaufungua na kuufunga kwa miaka thelathini na mmoja. Magoti yake yalijua kila ufa wa sakafu. Alikuwa amebakiza wiki tano astaafu, akapumzike, kama kupumzika kupo.

Alipofika meza ya nane, alikaa chini kabisa, akanyoosha miguu. Kibao cha pale kilikuwa na jina la mdogo wake, tumbo moja, ziwa moja. Alikuwa amekifuta vumbi kwa miaka kumi na mitano, vipindi vitatu mfululizo. Skrubu zilikuwa zimeshika kutu hata bisibisi ikawa inateleza.

"Mama, na hicho nacho kinang'oka?" aliuliza mlinzi kutoka mlangoni. Mlinzi huyo alikuwa na kiti chake cha plastiki, na mdomo wake haukujua likizo.

"Kinang'oka. Kwani umekiona kimeota mizizi?"

"Aa, huu mwaka ni wa kushuka tu. Timu yetu imeshuka daraja Jumamosi, Mheshimiwa kashuka Jumapili. Sijui leo zamu ya nani."

"Leo utashuka wewe kwenye hicho kiti, ukafungue geti. Gari la karani mkuu linapiga honi mwaka mzima huko nje."

Mlinzi alitoka mbio. Mama Ukumbi akatia tone la mafuta ya taa kwenye skrubu, akasubiri.

Mheshimiwa lilikuwa jina la mdogo wake tangu utotoni, kabla hajajua hata diwani ni kitu gani. Alikuwa akivaa koti la baba yao linaloburuta chini na kuwahutubia kuku. Watu wakamwita Mheshimiwa, na alipokuja kupata kiti kweli, ikawa kama jina limemtangulia likamwekea nafasi. Sasa kiti kimeondoka. Jina halikung'oka kwa bisibisi.

Karani mkuu aliingia na mafaili kwapani. Alikuwa mtu wa saa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa haukai dakika tano bila kuinuliwa usoni.

"Mama Ukumbi, funguo za droo umepokea ngapi?"

"Nane. Bado mmoja."

"Wa nane?"

"Wa nane."

"Alhamisi saa tatu kamili wapya wanaapa. Nataka ufunguo huo na sahihi yake kitabuni. Usipofika, seremala atavunja droo hapo hapo mbele za watu, na kila kilichomo kitaandikwa. Si maneno yangu, ni kanuni." Akaitazama saa, akaondoka.

Kila meza ilikuwa na droo yenye kitasa, na juu ya droo kitundu chembamba. Wananchi walileta barua zao mapokezi, Mama Ukumbi akazitumbukiza kwenye vitundu hivyo, kila moja kwa diwani wake. Ufunguo anao diwani peke yake. Akikosa kiti, anakuja kuifungua droo mwenyewe, anachukua kalamu zake na miwani yake, lakini barua anaziacha, kwa sababu barua ni za wananchi na zinamfuata anayekalia kiti. Mhudumu wa ukumbi anaziandika katika kitabu cha makabidhiano. Zilizosomwa zinahesabiwa tu. Zisizosomwa, zile ambazo bahasha haijafunguliwa, zinatajwa moja moja kwa sauti siku ya kiapo: jina la mwandishi, na tarehe aliyoleta. Kuna diwani mmoja zamani alitajiwa tano akahama mji.

Jioni ile Mama Ukumbi alipita kwa mdogo wake. Wifi yake alimpokea mlangoni, mikono imejaa povu la sabuni.

"Karibu wifi. Lakini mwenyewe amelala."

Kutoka ndani kikohozi kilisikika, kikohozi cha mtu aliye macho kabisa.

"Anakohoa akiwa usingizini?"

"Siku hizi ndivyo analala," wifi alisema, akatazama chini.

Mama Ukumbi hakugombana. Kusema kweli, miezi mitatu ile hata yeye hakuwa na hamu sana ya kuonana naye. Watu waliacha kumsalimia Mheshimiwa kwa sababu ya mkono mmoja, ule alioinua kwenye kikao cha zahanati. Baraza lilikuwa linaamua kama chumba cha kujifungulia kwenye zahanati ya mtaa wao kifungwe, akina mama wawe wanakwenda hospitali kubwa ng'ambo ya mji. Mtaa mzima ulijua Mheshimiwa atapinga. Alikuwa ameapa mbele yao. Siku ya siku akanyanyua mkono kuunga. Kumi na mmoja kwa kumi. Mkono wake ulitosha kukifunga chumba. Watu wakasema amekula, amelishwa, amelambishwa. Mkunga wa zahanati ile, aliyemwaga unga siku hiyo hiyo baada ya miaka kumi na tisa, akaenda kuchukua fomu ya kugombea, akamshinda kwa kura ishirini na sita. Ndiye anayekuja kukalia kiti cha nane.

Mama Ukumbi naye aliamini kwamba mdogo wake amekula. Alikuwa na sababu yake, ambayo hakumwambia mtu.

Jumanne alirudi, safari hii na kitabu cha makabidhiano ndani ya mfuko. Alimkuta Mheshimiwa ameketi barazani, amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Leo umeamka."

"Nimeamka, ndiyo. Umekuja kwa ajili ya ufunguo."

"Nimekuja kwa ajili ya ufunguo na sahihi. Kesho kutwa watavunja droo. Mimi sitaki kushika taa wakati seremala anavunja kwa nyundo droo ya mtoto wa mama yangu. Nimechoka. Nipe nikamalize kazi."

"Siwezi kusaini kitu sijasoma. Lete hicho kitabu."

Alimpa. Mama Ukumbi alimfungulia haraka, akamwonyesha ukurasa, akakaa ngazini kuvuta pumzi. Mheshimiwa alikishika kitabu mbele ya uso, akakisogeza, akakirudisha. Akakunja uso. Alikaa nacho kitambo, kama anavyokaa nacho hakimu. Mwisho akatikisa kichwa.

"Mwanzo umeandikwa vizuri. Lakini hapa mwishoni pamenikwaza. Lugha hii ni ya kunitia hatiani. Sisaini."

Mama Ukumbi aliinuka, akasimama nyuma yake, akachungulia. Alikuwa amekosea kwa haraka, amemfungulia kurasa za nyuma, anakoandika vifaa vyake. Pale palikuwa na mwandiko wake mwenyewe uliopinda: sabuni ya unga mifuko mitatu, fagio mbili, dawa ya choo chupa nne. Mwishoni kabisa: kitambaa cha deki kimoja, kimechanika.

Aliusoma mstari ule mara mbili. Akarudi kukaa ngazini.

"Mdogo wangu," alisema polepole, "hapo mwishoni pameandikwa kitambaa cha deki kimechanika."

Ndani sufuria zilizokuwa zinaoshwa zilinyamaza ghafla, ikabidi mtu ajue kwamba wifi naye anasikiliza.

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Katikati pameingia doa. Pembeni naona. Natembea vizuri, ngazi naiona, gari naliona. Nikikutazama wewe naona nguo yako na masikio. Sura sina. Maandishi ndiyo kabisa, kama mchwa wamepita."

"Na vikaoni ulikuwa unafanyaje?"

"Mke wangu ananisomea usiku wa kuamkia kikao. Namba moja ni hili, namba mbili ni lile. Naweka kichwani. Unajua kichwa changu."

Alikijua. Kilikuwa kama daftari tangu shuleni, ndiyo maana baba yao alipougua na mtoto mmoja akatakiwa abaki nyumbani kumhudumia, alibaki yeye aliyekuwa darasa la tatu, akaendelea mwenye kichwa.

Halafu jambo lingine likamjia.

Katika baraza lile hoja hazisomwi zote. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa na pumu, maneno mengi yalimkata pumzi, basi akawa anataja namba peke yake: wanaounga mkono namba tatu, mikono juu. Mwenyekiti yule alishazikwa zamani na waliomfuata wana mapafu ya kupuliza tarumbeta, lakini mtindo ulibaki. Inataka tu kila mmoja awe na karatasi ya siku hiyo mbele yake. Na asubuhi ya kikao cha zahanati karani mkuu alibadilisha mpangilio, akachapa karatasi mpya. Aliyezunguka kuziweka mezani, moja moja, kabla ya saa tatu, alikuwa Mama Ukumbi.

"Siku ile nilikuwekea karatasi mpya," alisema.

"Nilisikia umeweka kitu. Nikadhani ni maji ya kunywa."

"Namba sita..."

"Kwangu namba sita ilikuwa paa la soko. Nikainua mkono kwa furaha kabisa, dada. Nani atakataa paa la soko? Nikasikia watu wa nyuma wanaguna. Nikajua nimekwenda na maji."

"Si ungesema pale pale!"

"Ningesema nini? Jamani nirudishieni mkono wangu, sikuona? Kanuni inataka diwani asome hoja mwenyewe. Wangenitoa siku hiyo hiyo, tena kwa kunishika mkono."

"Miezi mitatu watu wanakuita mwizi, umekaa kimya?"

"Afadhali mwizi," alisema Mheshimiwa. "Mwizi wanamchukia, lakini wanampisha njia. Asiyeona wanamhurumia. Mimi huruma ya mtaa huu siiwezi."

Wifi alitoka, akajifuta mikono, akasimama mlangoni. Mama Ukumbi alimwangalia, akaelewa kwa nini siku zote anatazama chini.

"Na barua?" aliuliza. "Barua nazo alikusomea?"

"Barua gani?" alishtuka wifi.

Mheshimiwa aliinamisha kichwa. Alikuwa na sifa moja mjini: kila barua aliijibu kwa mkono wake, mwandiko wa kulala kama nyasi, watu waliuweka kwenye fremu. Mwandiko ulipokufa hakutaka mwingine uonekane. Akasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa miaka miwili. Droo haikufunguliwa.

"Ziko ngapi?" aliuliza.

"Nimezitumbukiza mwenyewe. Sitini na kitu."

"Dada." Alimshika mkono, akaukosa kidogo, akaupata. "Wakizitaja zile kwa sauti, mimi nimekwisha. Wizi watasahau. Hilo hawasahau. Andika droo ilikuwa tupu. Kesho mchana niingize kwa mlango wa nyuma, nizichukue, tumalize."

Mama Ukumbi alikuwa na hasira, alikuwa na huruma, na juu ya vyote viwili alikuwa amechoka.

"Miaka thelathini na mmoja," alisema, "sijaandika kwenye kitabu hiki hata ufagio mmoja wa uongo. Nimebakiza wiki tano. Usiniombe hilo."

Akachukua mfuko wake. Hatua kumi tu kutoka barazani akasimama, akafungua tena kitabu, akatazama kurasa za makabidhiano na safu zake mbili. Zilizosomwa. Zisizosomwa. Hakuna mahali kanuni ilisema zisomwe lini. Wala na nani.

Akarudi. "Kesho saa saba mchana. Njoo na ufunguo. Ushibe kabisa, tutakaa sana."

Jumatano mchana ukumbi ulikuwa mtupu. Karani mkuu alikuwa amekwenda kukagua mahema ya sherehe. Mlinzi alipewa andazi, akaambiwa asione kitu.

"Mimi huwa sioni kitu, mama, hata nisipopewa," alisema, akatafuna.

Mheshimiwa alipapasa kitasa, akafungua. Droo ilikuwa imejaa pomoni hata ikagoma kutoka. Ilibidi waivute wote wawili. Mama Ukumbi akazihesabu: sitini na tatu. Akakaa kwenye kiti cha tisa, mdogo wake kwenye kiti cha nane kwa mara ya mwisho, akachana bahasha ya kwanza.

Alisoma kama alivyofundishwa darasa la tatu, kidole chini ya neno. Neno refu alilikata vipande, akaliunganisha. Mwanzoni Mheshimiwa alijaribu kumsaidia kwa kubahatisha.

"'Mfereji wetu umezi...'"

"Umezidiwa."

"Umeziba. Tulia, mwenye barua asemewe alichosema."

Akatulia. Mfereji umeziba. Taa ya njia panda imekufa. Mjane anasogezewa mpaka wa kiwanja kidogo kidogo kila msimu. Mwamuzi wa mechi za mtaani anaomba filimbi, anachezesha kwa kupiga mluzi na meno mawili hana. Mmoja alikuwa ameandika mara tatu: barua ya kwanza ukurasa mzima wa heshima, ya pili mistari minne, ya tatu maneno mawili, bado nasubiri.

"Ana tarehe?" aliuliza Mheshimiwa.

"Mwaka jana."

Alifunika uso. Dada yake hakumbembeleza. Alichukua nyingine.

Ya Mkunga ilikuwemo pia, kurasa mbili, takwimu za akina mama waliojifungua salama, imeandikwa siku nne kabla ya kikao. Wakaisoma mpaka mwisho. Mama Ukumbi akanywa maji, akaendelea. Jua lilihama dirisha la kwanza likafika la tatu.

Zilipobaki nne alishika bahasha moja, akanyamaza.

"Mbona umesimama?"

"Nimechoka."

"Hapana. Ulipochoka ulipiga miayo. Hapa umesimama. Ya nani?"

Bahasha ilikuwa imetengenezwa kwa karatasi ya pakiti ya sabuni, imegundishwa kwa uji. Aliifahamu vizuri, aliitengeneza mwenyewe. Mdogo wake alikuwa amekataza mambo ya mtaa yasiletwe kwake wakati wa kula: mwenye shida aandike kama wengine. Basi yeye akaandika kama wengine.

Alisoma, kidole chini ya neno. "'Ndugu diwani. Mimi ni mkazi wa mtaa wako. Wajukuu wangu wote watano wamezaliwa chumba kile. Nakuomba usinyanyue mkono. Nakuomba kama mkazi, sikuombi kama dada yako. Ahsante.'"

Darini popo walisikika wakijigeuza.

"Kumbe ndiyo maana uliacha kuja," alisema Mheshimiwa.

"Nilidhani umeisoma."

"Na kura yako? Ulimpa nani?"

Angeweza kumdanganya, hakuna anayejua cha kwenye kisanduku. Lakini kidole kilikuwa bado kwenye karatasi.

"Nilimpa Mkunga."

Aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, polepole. Halafu mabega yakaanza kutikisika, dada mtu akadhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha mtu aliyeishiwa.

"Unajua nini? Hata yangu sijui ilikwenda wapi. Niliogopa kuomba msaada, wataniona. Nikaingia peke yangu, nikaweka alama pale nilipodhani mimi. Huenda na mimi nilimpa yeye."

"Ishirini na sita, basi," alisema Mama Ukumbi, "sisi wawili tumo."

Wakacheka wote, vibaya, mpaka mlinzi akachungulia. Kisha wakasoma tatu za mwisho. Katika kitabu akaandika: zilizosomwa, sitini na tatu; zisizosomwa, hakuna. Akamwekea kidole mdogo wake pale pa kusaini, naye akasaini. Mwandiko ulikuwa bado wa kulala kama nyasi, ila ulipanda juu ya mstari ukaenda zake. Ufunguo ukaingia mfukoni mwa dada. Alirudi nyumbani amechoka, lakini akajiona mjanja, jambo ambalo kwa umri wake halimtokei mara nyingi.

Alhamisi ujanja ukaisha kabla ya saa nne.

Madiwani waliapa. Mheshimiwa alikuja kama desturi inavyotaka, akakaa benchi la wageni na wale wengine wanane walioshuka, wote wamenyooka kama watu wanaopigwa picha. Kitabu cha makabidhiano kikasomwa. Kiti cha nane, zimesomwa zote. Mama Ukumbi akampa Mkunga ufunguo. Mkunga alikuwa mwanamke mfupi, miguu haikufika chini alipokaa. Alifungua droo, akapekua, akatoa barua moja, akaigeuza. Akashuka kitini, akaenda nayo hadi kwenye benchi la wageni.

"Mheshimiwa, samahani. Hii ni yangu. Niliileta siku nne kabla ya kikao."

"Ndiyo."

"Bahasha imechanwa. Kitabuni imeandikwa imesomwa." Hakupaza sauti. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kusema na wenye uchungu. "Mimi nilikuwa nikijiambia labda haikukufikia. Ndilo lililokuwa linanipa usingizi. Kwa hiyo uliisoma yote, kurasa mbili, ndipo ukanyanyua mkono?"

Watu wa nyuma walianza kuguna, mguno ule ule wa miezi mitatu iliyopita. Mama Ukumbi alisimama na bisibisi yake kando ya meza ya nane. Yeye ndiye aliyemwekea mtego huu, kwa mkono wake, kwa ukweli wake. Akafungua mdomo. Halafu akamtazama mdogo wake, akakumbuka kwamba siri haikuwa yake. Akaufunga.

Mheshimiwa aliinuka. Alivuta koti likakaa sawa.

"Nimesomewa jana," alisema. "Na dada yangu, mchana kutwa. Siku ile ya kikao nilikuwa sijaiona, na hata ningeiona nisingeweza kuisoma. Sioni maandishi, mwaka wa pili sasa. Nilikuwa najifanya. Ile namba sita nilidhani ni paa la soko." Akatafuta kama kuna la kuongeza. "Ni hayo tu."

Akakaa.

Mkunga hakusema amesamehe, wala hakusema hakusamehe. Aliikunja barua yake, akainama mbele ya Mheshimiwa, akanyoosha kidole kimoja karibu na sikio lake mwenyewe.

"Tazama pua yangu. Kidole unakiona?"

"Kidole naona. Pua sioni."

"Ulikwenda kwa daktari wa macho?"

"Niliogopa kuonekana kwenye foleni."

Mkunga alishusha pumzi ndefu. "Jumatatu nenda. Ukae kwenye foleni." Akarudi kwenye kiti chake. Mwenyekiti alikohoa, akasema waanze kazi, hoja namba moja. Mkunga akainua mkono.

"Isomwe," alisema. "Yote."

Mwenyekiti alimtazama karani mkuu, akatafuta miwani, akasoma yote. Ilichukua dakika moja na nusu.

Nje Mama Ukumbi alimkuta mdogo wake kwenye ngazi. Akakaa karibu naye; magoti yakalia. Alikuwa bado hajakwenda kutafuta kibao cha mbao cha kuwekea miguu ya Mkunga, lakini hicho kingengoja.

"Dada, niambie ukweli. Niliposema vile, walifanyaje? Nyuso zao."

Mama Ukumbi alifikiri. Alitaka kumpa kitu kikubwa, kinacholingana na miaka miwili. Hakuwa nacho.

"Mlinzi alikuwa anachokonoa meno. Mmoja wa madiwani alikuwa anachezea simu. Karani mkuu aliangalia saa."

"Basi?"

"Basi. Yule mama aliyeandika barua ya mfereji alisema 'maskini', halafu akauliza kama chai itatolewa."

Mheshimiwa aliegemea ukuta, akafumba macho yake.

"Miaka miwili," alisema, "nimeogopa karani aangalie saa."

Dada yake alimpa mkono kumwinua. Safari hii hakuukosa.